Kuomba Kurudishiwa Uchafu wa Mtungi wa Shangazi Atieno

Collins Oyoo,
Kwa Shangazi Atieno,
Kitongoji cha Nyuma ya Mashine,
Buswelu, Mwanza.
Alhamisi, 22 Agosti 1996

Kwa Bwana Afya Mihayo,
Ofisi ya Kata.

Ndugu Bwana Afya,

Shikamoo. Natumaini wewe, mama na watoto hamjambo, na ile pikipiki yako imepona kile kikohozi. Sisi huku miili ni mizima, ila mioyo haijakaa sawa, na sababu ni wewe. Nasema hivyo kwa heshima zote.

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA UCHAFU ULIOONDOLEWA KWENYE MTUNGI WA POMBE BILA RIDHAA YA WENYEWE

Hicho kichwa cha habari nimekiandika kwa herufi kubwa makusudi, usije ukadhani nimekosea. Sijakosea. Najua watu wanakuandikia kuomba uchafu uondolewe. Mimi nakuandikia kuomba urudishwe. Nisome mpaka mwisho kabla hujamwonyesha mtu, tafadhali.

Kwanza nijitambulishe, maana siku ile ulinikuta na ndoo mkononi ukaniambia, "Kijana, ongeza maji," ukadhani mimi ni wa kuteka maji tu. Mimi ni mtafiti. Chuo sijasoma, na shule tuliachana nikiwa kidato cha pili. Elimu yangu nimeitoa sokoni, kwa mama mmoja muuza karanga aliyekuwa anachana kitabu kikubwa cha Kiingereza atengenezee vikoni vya kufungia karanga zake. Ni vile vitabu vinavyoeleza mambo yote ya dunia, juzuu nyingi, kila juzuu ina herufi zake. Yeye alikuwa nayo moja tu. Nikampa magazeti, akanipa juzuu, kila mmoja akaenda zake akimwona mwenzake mjinga. Juzuu yangu inaanza F na kuishia H. Nimeisoma yote, kwa kamusi, na penye picha nimesoma mara mbili. Kwa hiyo mambo ya kuchacha nayajua, kwa Kiingereza yako F. Vijidudu navijua, viko G. Afya yenyewe iko H, kwa hiyo kazi yako naielewa na ninaiheshimu sana. Sabuni iko S, huko sijafika, ndiyo maana siku ile nilichelewa kukuzuia.

Sasa nikueleze tulivyo, maana wewe ni mgeni hapa na unaweza kuwa hujui. Akina mama wapika pombe wa Nyuma ya Mashine hawagombanii wateja, wana zamu. Kila mama ana siku yake. Siku yako ikifika wenzako wanafunika mitungi yao, na kitongoji kizima kinakuja kwako. Shangazi Atieno, dada yake baba yangu, ana Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yenyewe, Bwana Afya. Jumamosi imenilea mimi na binamu zangu wote, imetuvalisha, imetupeleka hospitali. Jumanne je? Jumanne hata nzi hawaji. Na sheria ya akina mama ni moja, inasimamiwa na mwenyekiti wao Mama Dorotea ambaye hacheki ovyo: pombe yako ikiharibika mara tatu mfululizo, siku yako anapewa mwingine, na wewe unapelekwa Jumanne. Sisi imeshaharibika mara mbili. Ya tatu ni kesho kutwa. Ndiyo maana mwandiko wangu unakimbia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. MTUNGI. Ile Alhamisi ya Wiki ya Usafi ulikuja na koti jeupe, brashi ya waya, sabuni ya unga na chupa ya klorini, na watoto nyuma yako kama umeleta sarakasi. Ukachungulia kwenye mtungi mkubwa. Ukaona ule ukoko wa kijivu pembeni. Ukamuuliza shangazi, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, hii kitu ina muda gani humu ndani?" Shangazi, kwa furaha ya kuulizwa, akakujibu, "Ooh, hiyo ni ya siku nyingi, baba. Imetoka Shirati na mama mkwe wangu, kabla ya Uhuru." Wewe ukasema, "Kabla ya Uhuru!" Shangazi akadhani unamsifia. Akakuletea na kigoda. Akakushikia mtungi usiteleze. Alipoona povu la sabuni linatoka ndipo akaelewa, na kwa vile una koti la serikali akaogopa kusema.

Ule ukoko, Bwana Afya, haukuwa uchafu wa kawaida. Busaa yetu hatutii hamira ya dukani wala dawa yoyote. Unakaanga unga uliochacha, unachanganya na kimea cha ulezi, unatia maji, unamimina mtungini, unafunika. Anayechachisha ni nani? Ni hao vijidudu waliokuwa wanakaa kwenye ukoko. Wenyewe wakali kidogo, hawafugwi, hawana chapa, lakini kazi wanaijua. Shangazi kila akimaliza anausuuza mtungi kwa maji baridi tu, anaulaza kifudifudi karibu na moto, basi. Hao walikuwa wakazi wa kitongoji hiki kabla ya mwenyekiti wa kitongoji. Mtu ukimhamisha unampa notisi. Hata machinga wanapewa notisi. Wao walipewa klorini.

2. MWIKO NA NYUMBA YA POMBE. Hukuridhika. Mwiko wa mti ukauchoma moto, ukatuletea wa plastiki wa rangi ya waridi. Buibui waliokuwa darini, ambao hawakuwahi kumdai mtu chochote, ukawafagia. Ukuta ukapigwa chokaa mpaka wateja wakiingia wanavua kofia wakidhani kanisani. Halafu ukachukua mrija wa Mzee Aloo. Huyu mzee alikuwa fundi wa injini za boti, sasa amestaafu, na ule mrija wa kunyonyea busaa anautembeza ameufunga kwa kitambaa kama miwani. Ukauchemsha uue vijidudu. Ukapasuka. Mzee Aloo alivichukua vile vipande viwili, akavifunga palepale kwenye kitambaa chake, akaondoka navyo. Tangu siku hiyo anakunywa kwa kopo kama mtoto, na anatazama pembeni.

3. UBIA. Hapa naomba ukae chini, maana hapa ndipo penye elimu.

Unajua hali ilivyo tangu soko liwe huria. Zamani bia ilikuwa ya kusubiri foleni, sasa kila groseri imejaa chupa, za hapa, za Kenya, za mpaka Afrika Kusini. Vijana wanaofanya kazi viwanda vya minofu ya sangara hawaji tena kwa shangazi. Wanakaa groseri, wameshika chupa moja kwa saa tatu, chapa imegeukia barabarani. Nilimuuliza rafiki yangu Zadok, ambaye ni mmoja wao, "Kwani busaa imekukosea nini?" Akasema, "Busaa inakuchangamsha, lakini haina ule uchungu wa kistaarabu." Uchungu wa kistaarabu! Sikulala. Nikarudi kwenye juzuu nikatafuta uchungu wa bia unatoka wapi, nikaupata H. Unatoka kwenye ua moja la Ulaya, la kijani, kama koni ndogo yenye magamba. Linaitwa hopsi. Kitabu kinalisifu sana. Kinasema linaipa bia uchungu, harufu nzuri, na linaizuia isiharibike.

Sasa angalia Mungu anavyofanya kazi. Nilikuwa nabeba mizigo kwa Bwana Anil kule mjini, yule mwenye duka la vyakula vya mifugo. Bwana Anil alinunua shehena ya mnada bila kufungua, alivyoambiwa ni chakula cha kuku. Ndani kukawa na mifuko ya punje za kijani, zimeshindiliwa. Akawapa kuku wake. Kuku walitazama ile kitu, wakamtazama na yeye, wakaenda kukaa kivulini. Mke wake, Bibi Jyotsna, akamwambia mbele yetu wote, "Anil, hata kuku wana akili kukushinda wewe." Mimi nikaona picha kwenye mfuko. Ile koni! Herufi H! Nilipiga kelele mpaka wapagazi wakadhani nimeumwa na nyoka. Bwana Anil akasema, "Unaipenda? Chukua, ondoa machoni pangu." Nikarudi Buswelu na gunia zima kichwani, naimba.

Mpango wangu ulikuwa huu. Sasa hivi serikali inasema tuingie ubia, mgeni na mzawa. Mgeni alete mtaji, mzawa alete uenyeji. Basi, hopsi ndiye mgeni, analeta uchungu wa kistaarabu. Wale wa kwenye ukoko ndio wazawa, wanaleta uchachu. Kopo moja, uchachu na uchungu pamoja. Mzee Aloo apate chake, Zadok apate chake, wote wakae benchi moja kwa Shangazi Atieno siku ya Jumamosi. Hakuna kiwanda kimewahi kufikiria hivyo, nimeangalia F mpaka H yote.

Ile Alhamisi yenyewe nilikuwa nimeshachemsha hopsi kwenye sufuria, nasubiri kumimina mtungini. Ndipo ukaja na brashi. Bwana Afya, umemuua mzawa siku mgeni anashuka uwanja wa ndege. Mgeni kafika, hakuna mwenyeji, hakuna hata wa kumwonyesha choo.

4. MATOKEO. Tulimimina hivyo hivyo, tukaomba Mungu. Jumamosi ikafika. Povu lilikuja, uchachu haukuja. Ikawa chungu kwa nyuma na tamu tamu ya unga kwa mbele, katikati hakuna mtu. Mzee Aloo alipiga funda moja, akaweka kopo chini taratibu. "Atieno mwanangu," alisema, "leo umetupikia uji wa kliniki?" Zadok naye, niliyemwita mwenyewe, niliyemwahidi ustaarabu, akasimama katikati ya watu akanyoosha kopo juu. "Jamani, mwenye mtoto ana homa alete! Hii ni klorokwini ya maji!" Walicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kwenye benchi. Shangazi alicheka pia, na mimi namjua, alikuwa anacheka ili asilie.

Jumamosi ya pili tulijipanga. Kwa vile ukoko wetu umekufa, shangazi alijishusha akaenda kuazima machicha ya pombe kwa Mama Wilhelmina, mpika pombe wa Jumatano, mwenyeji wa Nansio. Machicha mabichi yanabeba wakazi wale wale. Tukayatia. Mimi nikaongeza hopsi mara mbili, ili mgeni asipwaye. Ikawa mbaya kuliko ya kwanza! Kama maji ya kuoshea dirisha. Kwa hiyo ni wazi, Bwana Afya, kwamba klorini yako haikuua wakazi tu, imelaani na nyumba. Mpangaji mpya akiingia naye anakufa. Au Mama Wilhelmina alitupa machicha mabovu makusudi, maana yeye ndiye ameandikwa kurithi Jumamosi yetu. Hilo silisemi kwa sauti. Nimeliandika tu.

5. KUNYANG'ANYWA GUNIA. Jumatatu hii ulirudi kukagua usafi. Mtungi ukausifia. Halafu ukanusa. Ukafungua gunia, ukachukua punje, ukazisugua kiganjani, ukanusa tena, sura ikabadilika. "Hii ni nini?" Shangazi akasema ni chakula cha kuku. Ukasema, "Chakula cha kuku kinanuka bangi?" Hapo mimi, kwa kupenda ukweli, nikaingilia kati kukueleza kisayansi. Nikakwambia siyo bangi hata kidogo, ni ndugu yake tu. Bangi iko H, kwa Kiingereza cha kitabu ni "hemp", hopsi nayo iko H, na kitabu kimesema wazi ni ukoo mmoja, kama mtu na binamu yake. Nilidhani utafurahi. Shangazi alinikanyaga mguu, mimi nikadhani ni bahati mbaya, nikaendelea.

Ukalibeba gunia. Sasa nauliza, Bwana Afya: tangu lini mtu anakamatwa kwa makosa ya binamu yake? Mimi nina binamu yuko Magu, ana kesi ya pamba ya watu. Mbona mimi niko nje?

6. MGAMBO. Hili siyo langu, ni la taifa. Gunia letu umelifungia ofisi ya kata kama kielelezo. Nimepita pale, nikamkuta mgambo Ngosha amelilalia. Siyo amelikalia. Amelilalia, mdomo wazi, saa nne asubuhi. Jana nimepita tena, bado. Mama mmoja alikuja kushtaki mbuzi aliyekula mahindi yake, akagonga, akagonga, mwisho mbuzi mwenyewe akaingia ofisini akatoka. Kitabu kinasema kule Ulaya watu wasiopata usingizi wanajaza hopsi kwenye mto wanalalia. Kwa hiyo kwa kukamata gunia letu umeilaza serikali ya kata nzima. Wezi wakigundua, tusilaumiane.

Hayo ndiyo malalamiko. Maombi yangu sasa, na nimeyapanga kuanzia rahisi.

(a) Gunia lirudi. Leo, siyo kesho. Pombe ya Jumamosi hii tumeshaimimina mtungini jana, tena kwa machicha ya Mama Wilhelmina kwa sababu hatuna pengine, na safari hii haina hata punje ya hopsi kwa vile unazo wewe. Yaani haina mzawa, haina mgeni. Tunaenda kwenye mechi bila kipa na bila mpira.

(b) Uchafu urudi. Kama wenyewe haupatikani, upatikane wa umri huo huo. Ofisi yako inatembelea nyumba nyingi, lazima umeshaona mahali penye ukoko wa kabla ya Uhuru. Tupe jina la mwenye nyumba, tutaongea naye wenyewe.

(c) Kama (b) haiwezekani, tunaomba koti lako.

Usikasirike, nikueleze. Ulipomaliza kusugua mtungi, mikono yako ilikuwa imejaa ule ukoko. Watu wote tuliona ulipofutia. Ulifutia kwenye koti, upande wa kulia, chini ya mfuko. Kitabu, herufi G, kinasema vijidudu hushika kwenye nguo na kuishi muda mrefu. Kwa hiyo ukoo mzima wa Shirati, waliobaki hai, wako kwenye koti lako. Wewe ndiwe kambi ya wakimbizi wetu. Tunachoomba ni kidogo: mwambie mama asiliroweke. Lilete kama lilivyo, tutalichovya mtungini mara moja tu, upande wa kulia, tulikaushe, tulipige pasi ya mkaa, tukurudishie likiwa na mikunjo kama la daktari bingwa.

(d) Kama limeshafuliwa, basi Mungu atusaidie, itabidi uje mwenyewe. Siku ile ulikuwa umeinama mtungini muda mrefu, kichwa chote ndani, unavuta hewa. Hao ndugu lazima wako kifuani mwako. Utakaa karibu na mtungi, utaupumulia, shangazi atakupikia sato na ugali wa muhogo, hakuna atakayekuuliza kitu. Asubuhi unaenda kazini kama kawaida.

Kama hata hilo halitawezekana, sitakuwa na njia nyingine, nitamwandikia mhariri wa gazeti, na barua hiyo itakuwa na herufi kubwa nyingi kuliko hii.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi usafi naupenda, naoga, na shangazi anaoga. Lakini nimekaa nikamwangalia juzi akifunika ule mtungi kwa kitenge, akaupapasa kama mtu anavyopapasa ng'ombe mgonjwa. Hakunilaumu kwa neno hata moja, wala wewe hakukulaumu. Alisema tu, "Collins, Jumanne nayo ni siku. Tutakula kidogo kidogo." Ndipo nikachukua kalamu.

Nisalimie mama na watoto wote. Nisalimie karani wa kata, na mwenyekiti, na Ngosha akiamka. Shangazi anakusalimu, anasema kile kigoda ulichokalia hajakiondoa pale ulipokiacha. Mzee Aloo hajasema nikusalimu, lakini hajakataa.

Ni mimi kijana wako, mtafiti wa kujitegemea,
Collins Oyoo
(F mpaka H)

Nakala: Mama Dorotea, Mwenyekiti wa Zamu. Bwana Anil, kwa taarifa tu, asidai gunia.

NYONGEZA, Ijumaa asubuhi:

Bwana Afya, barua ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa sufuria. Mambo yamebadilika kidogo.

Shangazi amefunua mtungi alfajiri hii. Imechacha! Siyo kuchacha kwa kubembeleza. Imechacha mpaka kitenge kimesukumwa juu, ukisogeza pua macho yanatoka machozi. Nikasema ni muujiza. Shangazi akasema, "Muujiza gani? Fikiria." Nikafikiria. Machicha ni yale yale ya Mama Wilhelmina. Mtungi ni ule ule uliousugua. Mwiko ni ule wa plastiki, buibui hakuna, chokaa ipo. Kilichopungua ni kimoja tu, na kiko ofisini kwako chini ya Ngosha.

Nimerudi H nikasoma tena pale pale. Hopsi inaizuia bia isiharibike. Sasa ndugu yangu, hao wazungu wakisema bia imeharibika wana maana gani? Wana maana imechacha! Kuharibika kwao ndiko kunoga kwetu. Mgeni niliyemleta na kumwimbia barabarani ndiye alikuwa anawakaba wazawa koo, wiki zote mbili. Kitabu hakikudanganya. Kiliandikwa tu na mtu ambaye hajawahi kukaa kwa shangazi Jumamosi.

Lakini ubia haujafa! Suruali yangu ya kazi ilikuwa na punje chache mfukoni. Nikachota kopo moja la ile iliyochacha tayari, nikatia punje, nikasubiri, nikachuja kwa kitambaa. Shangazi akaonja. Akaonja tena. Akasema, "Lete kopo kubwa." Yaani uchachu unaingia kwanza kama mwenye nyumba, uchungu unakuja nyuma kwa adabu na kufunga mlango. Mwache mzawa amalize kazi yake ndipo umkaribishe mgeni, hiyo ndiyo siri yote. Nawashangaa wakubwa kule juu hawajaligundua.

Kwa hiyo malalamiko namba 1 mpaka 4 yafute. Koti mama aliroweke tu. Usije kupumua. Na lile nililoandika kuhusu Mama Wilhelmina lifute kabisa, ikiwezekana kwa ile klorini. Amekuja kuonja asubuhi hii, akapiga ishara ya msalaba na kumkumbatia shangazi. Nikamwambia, "Mama, si ndiyo umeikosa Jumamosi?" Akasema, "Wee mtoto, Jumamosi nina kwaya! Wiki mbili hizi nasali pombe yenu ichache. Ungeniambia nimwambie nini mwalimu wa kwaya?"

Kuhusu gunia, (a) inabaki lakini geuza: lishikilie kwa nguvu zote mpaka kesho saa nane mchana, mtu yeyote asilisogeze karibu na mtungi, hasa mimi. Saa nane, pombe ikishachujwa, lilete mwenyewe. Mama Dorotea atakuwepo kuonja, na Zadok nimemwita tena.

Jambo moja la mwisho, nimetumwa, siyo langu. Mzee Aloo amepita hapa sasa hivi, amepewa funda, akasema hii ndiyo busaa nzuri kuliko zote alizokunywa kwa shangazi, na kwamba ile ya zamani ilikuwa na harufu ya beberu ambayo miaka yote alikuwa anaivumilia kwa heshima. Sasa shangazi anasema kuna mtungi wa pili, mdogo, nao umetoka Shirati kabla ya Uhuru, na anauliza kama kesho ukija na gunia utaweza kuja na ile brashi.